HP 48 imekufa katikati ya muhula: kisa cha mwanafunzi wa upimaji anayetafuta kikokotoo kingine cha RPN

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa upimaji ardhi, katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, alikuwa akifanya hesabu zake zote kwa HP 48GX aliyopewa na baba yake, mpima mstaafu niliyewahi kufanya naye kazi. Katikati ya muhula safu nzima ya vitufe iliacha kuitika. Ukikandamiza kwa kidole gumba kitufe kinashika, ukibonyeza kawaida hakuna kitu. Mbele yake kulikuwa na kazi mbili za kukabidhi, mazoezi ya uwandani, kisha mtihani wa mwisho wa muhula. Mkononi alikuwa na shilingi laki tatu alizobakiza kwenye boom, yaani fedha ya mkopo wa kujikimu, na mtandaoni alikuwa ameshaona HP 50g iliyotumika ambayo muuzaji wa ng'ambo yuko tayari kuituma.

"Shikamoo ba'mdogo," aliniambia kwenye simu. "Niilipie hii au niiache?"

"Marahaba mwanangu. Usilipe kwanza. Nitumie kanuni za mtihani za idara yenu, na kazi yoyote ya travasi uliyofanya muhula huu."

Nilitaka vitu hivyo viwili kabla ya kutaja jina la mashine yoyote. Watu wengi wanaotafuta kikokotoo cha kuziba pengo huanza na swali la kipi ni bora, wakaishia kununua kifaa kizuri kisichoruhusiwa kuingia kwenye chumba kinachohusika, au kisicho na kitufe wanachokihitaji mara hamsini kwa siku. Kikokotoo cha masomo huchaguliwa kwa kuangalia kitatumika wapi na kitafanya hesabu gani.

Kuhusu kuitengeneza ile ya zamani

Hili nilimaliza naye mapema. HP 48GX ilitoka mwaka 1993 na ikaacha kutengenezwa mwaka 2003, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa ina zaidi ya miaka ishirini. Ugonjwa wake wa uzeeni unajulikana: ndani kuna sponji inayosukuma karatasi ya vitufe igusane na bodi, na sponji hiyo ikilala kwa miaka, mguso hulegea, mstari au safu ya vitufe ikakata. Kuifungua ni kazi ya hatari kwa sababu kasha lake limefungwa kwa vijiti vya plastiki vilivyoyeyushwa, halina skrubu. Fundi mwenye mkono mwepesi anaweza kuvikata, akaweka kipande kipya cha sponji na kukirudishia kwa gundi. Fundi asiyeijua ataivunja. Mashine ya baba yake, yenye thamani ya moyoni, sikutaka iwe ya kujifunzia. Nilimwambia aondoe betri zile tatu za AAA zisije zikavuja na kula vyuma, aifunge vizuri, aiweke.

Kabla ya kuziondoa, alinakili kwa mkono programu ndogo za baba yake zilizokuwa ndani, huku akikandamiza vile vitufe vigumu. 48 ikikaa bila betri kwa muda inasahau kila kitu, na watu wengi wamepoteza kazi ya miaka kwa njia hiyo.

Kwa nini asihamie Casio tu yakaisha

Rafiki zake walimwuliza hivyo, na swali lina haki yake. RPN ni mtindo wa kupiga hesabu ambamo namba hutangulia na alama hufuata. Kutafuta (3 + 4) × 5 unaandika 3, ENTER, 4, kisha +, kisha 5, kisha ×. Mabano hayapo, alama ya usawa haipo, na kila jibu la kati unaliona kabla ya kwenda mbele. Asili yake ni kazi ya mwanamantiki wa Poland, Jan Łukasiewicz, aliyebuni katika miaka ya 1920 namna ya kuandika mantiki bila mabano kwa kutanguliza alama. Wataalamu wa kompyuta wa miaka ya 1950 waligeuza mpangilio huo, na Hewlett-Packard wakauleta mfukoni kwa HP-35 ya mwaka 1972, iliyouzwa dola 395 za Marekani.

Historia hiyo isingetosha kumzuia mwanafunzi asinunue Casio. Kinachomgusa mpima ni travasi, yaani mfululizo wa mistari inayopimwa mmoja baada ya mwingine kwa uelekeo na umbali, kila mstari ukiitwa mguu. Chukua mguu mmoja: beringi, yaani uelekeo kutoka kaskazini, nyuzi 62, dakika 24, sekunde 36, umbali mita 184.35. Unataka tofauti ya kaskazini na tofauti ya mashariki. Katika HP 15C unaandika 62.2436, yaani nyuzi, nukta, dakika na sekunde, kisha kitufe cha →H kinakupa 62.41. Unaandika 184.35, unabonyeza →R. Kwenye skrini inatokea 85.380, hiyo ndiyo kaskazini, na nyuma yake, kwenye ngazi ya pili ya rundo, yaani mpangilio wa namba zinazosubiri kupigiwa hesabu, inasubiri 163.387, ndiyo mashariki. Hapo unabonyeza Σ+ na zote mbili zinaingia kwenye akiba, kila moja kwenye jumla yake. Unaenda mguu unaofuata. Ukimaliza mzunguko wote, RCL Σ+ inakurudishia jumla za kaskazini na mashariki, ambazo kwa travasi iliyofungwa, inayorudi ilipoanzia, zilipaswa kuwa sifuri; ukibonyeza →P unapata hapohapo urefu wa kosa la kufunga na uelekeo wake. Ukigundua kwamba mguu mmoja uliingizwa vibaya, unaurudia kwa namba zilezile za makosa na kuutoa kwa Σ−, kisha unaingiza sahihi. Hukuandika namba yoyote ya kati kwenye karatasi, na kwa hiyo hukuwa na nafasi ya kuinakili vibaya.

Nimekaa na jambo hili kwa sababu ndilo kiini cha kisa. Vitufe vya →H, →R, Σ+ na →P vilipangwa na watu waliojua kwamba majibu mawili ya kaskazini na mashariki yanakwenda pamoja, na rundo la namba linayabeba pamoja. Casio fx-991 inafanya hesabu ileile kwa Rec(184.35, 62°24'36"), inakupa X na Y, lakini kujumlisha lazima ufanye mwenyewe: A + X unaweka kwenye A, B + Y unaweka kwenye B, kila mguu. Inawezekana, wapima wengi wazuri wa nchi hii wamesoma hivyo. Ila kwa travasi ya miguu ishirini, saa kumi jioni, jua likiwa bado kali na msaidizi akikusomea daftari la uwandani, tofauti hiyo inaonekana.

Basi binti huyu alikuwa na haki ya kutaka kubaki na RPN.

Kanuni za mtihani zikafika

Sentensi moja tu ilinihusu: vikokotoo vinavyopokea programu haviruhusiwi katika chumba cha mtihani. Kanuni ya namna hii ni ya kawaida katika vyuo vingi, na kwa mtu wa RPN inamaanisha kitu kizito kuliko inavyoonekana. Vikokotoo vya sayansi vya RPN visivyopokea programu vilikuwepo katika miaka ya 1970, kama HP-35 yenyewe, HP-45, HP-21 na HP-32E, vyenye skrini ya taa nyekundu na betri za kuchaji ambazo leo zimeshakufa. Baada ya hapo, karibu kila kikokotoo cha sayansi cha RPN kilichotoka kinapokea programu: 11C, 15C, 41C, 42S, 32SII, 33s, 35s, 48, 50g. Kanuni hiyo ikisimamiwa ipasavyo, hakuna RPN dukani inayoweza kuingia.

Nilimwuliza aliwezaje kuingia na 48GX miaka miwili. Akasema wasimamizi hawakuijua, waliona ni kalkuleta kubwa tu. Nikamwambia asitegemee hilo tena. Msimamizi mmoja anayejua anatosha kukuharibia mwaka, na hata asipokuja, mwanafunzi mwenye programu za travasi mfukoni anapimwa kwa kipimo tofauti na wenzake walio chumba kimoja naye. Sikutaka binti wa rafiki yangu apite kwa mlango huo.

Kwa hiyo swali lake likagawanyika. Kulikuwa na mashine ya mtihani, na kulikuwa na mashine ya kazi za kukabidhi na uwandani. Laki tatu zilipaswa kutosha zote, au moja isubiri.

Ile 50g, na majina mengine yaliyotajwa

HP 50g, ya mwaka 2006, ndiyo mrithi wa kweli wa 48. Rundo lake halina kikomo, lugha yake ya programu ni ileile ya RPL, na programu za baba yake zingeingia karibu bila kubadilishwa. Ilisimamishwa mwaka 2015. Unanunua mashine iliyotumika, kutoka kwa mtu usiyemwona, bila kushika kitufe hata kimoja, na ikifika kasoro huna pa kuirudisha kwa gharama ya maana. Ungeongeza usafirishaji, na VAT ya asilimia 18 bandarini. Laki tatu zingeisha zote na mtihani ungebaki bila mashine. Nilisema hapana, na sikusita.

HP 35s ilitajwa na mwenzake mmoja aliyesoma kwamba ni RPN ya kisasa. Ilitoka mwaka 2007, miaka 35 baada ya HP-35, na vitufe vyake vinashika vizuri. Imeshaacha kutengenezwa na bei ya zilizobaki imepanda. Lakini kwa mpima ina kasoro moja ambayo siisamehi: haina →R wala →P. Waliondoa kugeuza beringi na umbali kuwa kaskazini na mashariki, wakakuachia namba changamano, ambazo unaweza kuziandika kwa umbali na pembe, ila hakuna kitufe cha kuzitenganisha sehemu mbili zake ukapata kaskazini peke yake na mashariki peke yake. Lazima uandike programu. Ndugu yake mkubwa, 33s, aliyetangulia kwa miaka michache na ambaye watu wanamcheka kwa vitufe vyake vilivyopinda kama mshale, anavyo. Hapa ndipo umuhimu wa kuangalia kazi kabla ya jina unapoonekana.

HP Prime ina hali ya RPN, skrini ya rangi na nguvu nyingi. RPN yake ni ya kupigia hesabu tu. Programu zake zinaandikwa kwa lugha nyingine kabisa. Kwa mwanafunzi wa hisabati ningeifikiria. Kwa saiti yenye vumbi, skrini ya kugusa na betri ya kuchaji, sikuona faida.

Halafu kuna HP 10s+ na HP 300s+, zinazoonekana madukani kwa bei nafuu. Hizi zina jina la HP juu yake na hazina RPN ndani yake. Zimewahi kununuliwa kwa makosa na watu wenye akili timamu, kwa hiyo nazitaja.

Waliobaki kwenye meza yangu wakawa wawili. Wa kwanza ni HP 15C Collector's Edition ya mwaka 2023. HP walishakabidhi biashara ya vikokotoo kwa kampuni nyingine kwa leseni, na kampuni hizo zikairudisha 15C ya mwaka 1982, ikiwa na umbo lilelile la kulala na vitufe vyake vinavyojulikana kwa mguso wao, huku moyo wake ukiwa wa kisasa na wa kasi zaidi. Bei yake ilipotoka ilikuwa kama dola 120. Wa pili ni DM42 ya SwissMicros, kampuni ndogo ya Uswisi, iliyotoka mwaka 2017. Hii inafuata HP 42S ya mwaka 1988, ina skrini inayosomeka vizuri juani, na bei yake ilikuwa karibu dola 200 au zaidi kulingana na toleo. Hakuna hata mmoja aliyeingia ndani ya laki tatu pamoja na usafiri na kodi, lakini nilihitaji kujua ni yupi tunamwelekea.

Tarakimu kumi na kiwanja cha mita 600

Hapa ndipo kazi ya travasi aliyonitumia ilipoamua. Ilikuwa na sehemu ya pili: kutafuta eneo la kiwanja kwa viwianishi vya UTM, yaani namba za mita za kaskazini na mashariki zinazoonyesha mahali kwenye ramani. Dar es Salaam iko katika ukanda wa 37 kusini, ambao mstari wake wa kati ni longitudo 39 mashariki. Kwa sababu tuko kusini ya ikweta, kaskazini zetu huanza kuhesabiwa kutoka mita milioni kumi kurudi chini. Namba za jiji hili basi zinakuwa za aina hii: kaskazini 9,248,613.427, mashariki 531,240.205.

Hesabu tarakimu za hiyo kaskazini. Ni kumi kamili. 15C inabeba tarakimu kumi. Namba inaingia yote, milimita zikiwemo, na hapo hapo nafasi imekwisha.

Sasa eneo. Unazidisha kaskazini ya bikoni moja, yaani alama ya kona ya kiwanja, kwa mashariki ya bikoni inayofuata, unatoa zao la kinyume chake, unajumlisha kwa pande zote, unagawa kwa mbili. Kila zao kwa viwianishi vya Dar ni kama trilioni 4.9, yaani namba yenye tarakimu kumi na tatu kabla ya nukta. Mashine ya tarakimu kumi inazikata tatu za mwisho, kwa hiyo kila zao linakuwa limezungushwa kwenye elfu nzima. Ukitoa elfu nzima kwenye elfu nzima unapata elfu nzima, na ukigawa kwa mbili unapata mafungu ya mia tano. Kiwanja cha mita za mraba 600, yaani 20 kwa 30, mashine hiyo inaweza kukwambia ni 500, au 1,000, au sifuri. Haiwezi kukwambia 600 hata siku moja. Mashine ya tarakimu kumi na mbili, kama 48, 50g, 33s na 35s, inakwenda kwa mafungu ya mita za mraba tano, nayo haifai kwa hati ya kiwanja.

Wapima wa zamani walijua hili bila kuambiwa na kitabu. Baba yake binti alikuwa na desturi ya kukata namba za mwanzo: anatoa 9,248,000 kwenye kila kaskazini na 531,000 kwenye kila mashariki, anafanya kazi na 613.427 na 240.205, na eneo linatoka safi kwa mashine yoyote. Eneo halibadiliki kwa kuhamisha chanzo cha viwianishi. Binti alikuwa ameona kwenye madaftari ya baba yake hizo namba zilizokatwa, akidhani ni uvivu wa kuandika. Nilimweleza sababu, na kwa maoni yangu hilo lilikuwa jambo la thamani zaidi alilopata katika mazungumzo yote, kuliko mashine yoyote.

Hata hivyo mwanafunzi akichoka husahau kukata, na mwalimu wake alitaka aonyeshe viwianishi kamili katika kazi. DM42 inabeba tarakimu 34. Mazao yote ya eneo yanakaa ndani yake bila kupoteza chochote, na ukisahau kukata hakuna kinachoharibika. Casio nayo hubeba ndani tarakimu kumi na tano ingawa inaonyesha kumi tu, kwa hiyo kwa eneo hili iko salama. Hapo Casio inaishinda 15C waziwazi, na mpenzi wa RPN hana budi kulikubali.

Naipenda 15C. Vitufe vyake ni raha, na kwa uhandisi wa umeme au wa majengo ningemwambia mtu aichukue bila kuuliza zaidi. Kwa mpima wa Dar es Salaam, mwenye kaskazini za milioni tisa, DM42 ndiyo mwelekeo.

Tulichoamua

Usiku huohuo aliweka Free42 kwenye simu. Ni kazi ya Thomas Okken, ni bure, iko kwa Android, iPhone, Windows, Mac na Linux, na inafanya kila kitu ilichofanya HP 42S kwa tarakimu 34. Muhimu zaidi, DM42 yenyewe imejengwa juu ya Free42. Amri alizojifunza kwenye simu ndizo zitakazokuwa kwenye mashine siku akiinunua, na programu anazoandika zinahamishika kama faili. Hakuna saa itakayopotea.

Alianza na travasi ileile. Amri hapa zina majina tofauti kidogo: →HR badala ya →H, →REC badala ya →R, na kurudisha jumla ni SUM kisha →POL. Ziko kwenye menyu za CONVERT na STAT, kwa hiyo nilimwambia azipange kwenye menyu yake ya CUSTOM ili zikae pamoja. Faida nyingine iliyomfurahisha ni HMS+ na HMS−, zinazojumlisha na kutoa nyuzi, dakika na sekunde moja kwa moja. Kwenye 48 alikuwa nazo, 15C haina. Kwa mtu anayepitisha beringi kutoka kituo kimoja kwenda kingine, akijumlisha pembe na kutoa nyuzi 180, ni kitu cha kila dakika.

Alikojikwaa ni kwenye rundo. 48 ina rundo lisilo na mwisho: alizoea kuingiza umbali wote wa travasi mmoja baada ya mwingine, kama sahani zinazopangwa, kisha kubonyeza + mpaka zishuke zote. Mtindo wa 42S ni ngazi nne. Namba ya tano ikiingia, ya kwanza inaanguka bila onyo lolote, na jumla ya umbali inaweza kutoka pungufu. Jibu lake la kwanza la uwiano wa kosa la kufunga lilikuwa baya kuliko lilivyotarajiwa kwa sababu hiyo tu: kosa lenyewe lilikuwa sahihi, aliligawanya kwa urefu usiotimia. Free42 ina amri ya NSTK inayoruhusu rundo lisilo na kikomo, na angeweza kuiwasha yakaisha. Nilimshauri abaki na ngazi nne kwa muhula huu na ajumlishe kadiri anavyoingiza, maana siku moja atashika mashine ya mtu mwingine na tabia hiyo itamlinda. Jambo jingine ni ENTER, ambayo katika mtindo huu inanakili namba kwenye ngazi ya pili na kuacha ya chini ifutwe na namba inayofuata. Kwenye 48 haiko hivyo. Vidole vilimsumbua kidogo, kisha vikazoea.

Kwa mtihani alinunua Casio fx-991ES Plus. Nilimsisitiza anunue duka lenye risiti, kwa sababu za bandia zipo, na kabla ya kutoa pesa ajaribu Rec kwa mguu ule wa 184.35 na aone 85.380 na 163.387. Kuna toleo jipya la CW, lakini humo Pol na Rec zimeingizwa ndani ya orodha, na kwa mtu anayezitumia kila dakika hiyo ni hatua nyuma. Wiki za mwisho kabla ya mtihani alitakiwa aweke Free42 pembeni kabisa na kufanya mitihani ya miaka ya nyuma kwa Casio peke yake. Mtu wa RPN akishika Casio kwa ghafla huandika namba kwanza halafu anatafuta ENTER isiyokuwepo, na chumba cha mtihani si mahali pa kugundua hivyo.

Baada ya Casio alibakiwa na sehemu kubwa ya laki tatu zake. Alitaka kuongezea ya mjomba wake anunue DM42 papo hapo. Mimi nikapendelea asubiri mafunzo ya vitendo ya likizo ndefu, ndipo atakapoihitaji mashine yenye vitufe halisi. Darasani na hosteli simu inatosha. Saiti, simu ina joto, jasho, mwanga wa jua juu ya kioo, na chaji inayoisha wakati unahitaji kupiga simu ya gari lije. Mpaka wakati huo, huenda pia akapatikana mtu anayetoka Ulaya wa kuja nayo.

Kazi zake mbili zilikabidhiwa kwa wakati. Katika ile ya eneo aliandika hesabu mara mbili, kwa viwianishi kamili na kwa vilivyokatwa, zikalingana mpaka sentimita ya mraba.

Kama angekuwa Marekani

Nimeulizwa na kijana mwingine, Mtanzania anayesomea upimaji Marekani, kama ushauri huu unamfaa. Kwake kuna kitu kinachobadilisha hesabu yote: mitihani ya NCEES, baraza la Marekani linalosimamia mitihani ya leseni za uhandisi na upimaji, ikiwemo ule wa misingi ya upimaji ambao mhitimu hufanya akielekea leseni. Orodha yao ya vikokotoo ni fupi na inafuatwa kikamilifu. Inaruhusu Casio za fx-115 na fx-991, Texas Instruments za TI-30X na TI-36X, na kwa HP ni 33s na 35s tu. Programu zinaruhusiwa humo ndani ya mashine hizo mbili. DM42 haimo, 15C haimo, 50g haimo.

Kwake yeye basi 33s iliyotumika, yenye →θ,r na →y,x zake, ni mali, na hata 35s ninayoilalamikia ina thamani, kwa sharti kwamba aandike mapema programu ya kugeuza beringi na umbali na kuizoea kabla ya siku yenyewe. Ainunue karibu na anapoishi ili aweze kuishika, abonyeze kila kitufe mara kadhaa mbele ya muuzaji, aweke betri mpya, na afanyie kazi zote za darasani kwa mashine hiyohiyo kuanzia muhula wa kwanza atakaoipata.